Dalali mpya wa viwanja, usile mbegu

Mkulima wa kahawa anapopanda mche leo anajua kuwa atangoja kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuchuma mavuno ya maana. Katika muda huo atapalilia, ataweka samadi, na familia itakula ndizi na maharage aliyochanganya shambani. Hakuna jirani anayemcheka kwa kungoja. Lakini mtoto wa mkulima huyo huyo akija mjini na kuingia katika udalali wa viwanja na nyumba, hutaka kuvuna wiki ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Makala haya yanawahusu vijana wanaoanza kazi hiyo, pamoja na wafanyabiashara wadogo wanaofikiria kuiongeza juu ya genge au duka. Yanawahusu pia wakulima wenye ardhi pembezoni mwa miji, kwa kuwa dalali atawafikia siku moja, na ni vema wakajua dalali wa kweli anafananaje.

Kwa nje kazi hii huonekana nyepesi. Haihitaji fremu wala mzigo wa kuanzia. Simu na miguu inatosha. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, dalali aliyempatia mtu chumba hulipwa na mpangaji kodi ya mwezi mmoja. Kwenye kiwanja hupewa asilimia ya bei kama walivyokubaliana na mwenye mali.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye genge la nyanya na vitunguu kule Chanika, ambaye ameamua kuwa dalali. Akifanikiwa kupangisha vyumba viwili vya Sh 50,000 kwa mwezi, anapata Sh 100,000. Fedha hizo hazilishi familia mwezi mzima, na kuna miezi ambayo hatapangisha hata kimoja. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: asifunge genge. Genge ndilo maharage yake ya katikati ya mistari ya kahawa. Dalali mwenye njaa hushawishika haraka, na kishawishi katika kazi hii hakiko mbali.

Kishawishi chenyewe kinajulikana kwa jina la "cha juu". Tuseme mzee mmoja mwenye shamba anataka kukata viwanja vinne, kila kimoja Sh milioni 8, na amekubali kumlipa kijana asilimia 5, yaani Sh 400,000 kwa kiwanja. Anatokea mnunuzi kutoka mjini asiyejua bei. Kijana anamtajia Sh milioni 10. Biashara inapita, kijana anatia mfukoni milioni mbili za juu na laki nne zake za halali. Jumla Sh milioni 2.4 kwa siku moja, na kodi ya nyumba anayodaiwa anailipa jioni hiyo hiyo.

Sasa tumtazame kijana wa pili, aliyetaja bei ya kweli na kuambulia Sh 400,000 tu. Mnunuzi anaanza kujenga. Mzee muuzaji bado anaishi palepale, hatua chache kutoka kwenye msingi mpya. Anampa mgeni maji ya kuchanganyia zege, wanazoea kuongea, na siku moja bei inatajwa. Kwa kuwa inalingana, mzee anampa kijana viwanja vitatu vilivyobaki, na mnunuzi anawaleta shemeji yake na mfanyakazi mwenzake watafutiwe maeneo ya bei hiyo hiyo. Viwanja sita kwa Sh 400,000 ni Sh milioni 2.4, pengine baada ya miaka miwili.

Msomaji atasema fedha zimelingana, tena wa kwanza alizipata mapema. Ni kweli. Tofauti inaanzia mwaka wa tatu. Kijana wa kwanza bei yake ilifichuka kwenye ndoo ile ile ya maji. Mzee hamtaki tena, mnunuzi amewaonya ndugu zake, na itambidi ahamie mtaa mwingine kuanza upya bila jina. Wa pili ana familia saba zinazomjua: ya mzee na za wanunuzi sita, na kila moja ina ndugu anayetafuta chumba, kiwanja au shamba. Wa kwanza amekula mbegu.

Subira hii haina maana ya kukaa kijiweni kungoja simu. Mwaka wa kwanza una kazi nyingi ambazo hazilipwi. Kazi ya kwanza ni kuchagua eneo dogo na kulijua vizuri kuliko mtu yeyote. Lipi ni bonde, maji ya bomba yanafika wapi, gari la abiria linaishia kituo gani, barabara ipi haipitiki masika. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwafukuza watu mabondeni kama Jangwani, na baadhi wakapelekwa Mabwepande. Tangu hapo mnunuzi makini huuliza habari ya maji. Dalali anayemwambia mteja mapema kwamba "hapa maji hufika" anapoteza biashara ya siku hiyo, lakini mteja huyo atamwamini atakapomwonyesha kiwanja kingine.

Kazi ya pili ni kujulikana na watu ambao hawanunui wala hawauzi. Fundi uashi anajua nani amekwama na ujenzi na anataka kuuza. Mama lishe anasikia nani anahama. Mjumbe na viongozi wa serikali ya mtaa wanajua ugomvi wa mipaka. Wasalimie hata pasipo biashara, nenda kwenye msiba wao, na mtu akikuletea mteja mpe chake siku ile ile ulipolipwa, bila kusubiri akukumbushe.

Kazi ya tatu ni kuwa na daftari. Andika jina la mteja, anachotafuta, uwezo wake na tarehe mliyoongea. Anayetafuta kiwanja leo anaweza kupata fedha baada ya mwaka, akiuza korosho au akilipwa kiinua mgongo. Dalali aliyempigia mara moja kwa miezi michache, bila kumsumbua, ndiye atakayekumbukwa.

Kazi ya nne ni kujifunza karatasi. Kwa ardhi iliyosajiliwa, upekuzi kwa Msajili wa Hati huonyesha jina la mmiliki na kama kuna mkopo juu ya hati. Kwa eneo lisilopimwa, waulize majirani wa pande zote nne kabla ya kumleta mnunuzi. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Hivyo omba kuonana na wote wawili. Kama ni shamba kijijini, mlango wa kupitia ni Halmashauri ya Kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ukigundua kasoro, iseme, hata kama mteja ameshashika fedha mkononi.

Mwisho, biashara haiishii kwenye sahihi za mwanasheria. Mpeleke mgeni kwa mjumbe, mwonyeshe muuza mchanga asiyepunja, na upite baada ya mwezi kumjulia hali. Wengi hupotea mara tu wakishalipwa, na ndiyo sababu neno dalali likisikika watu hushika mifuko yao.

Kwa mkulima mwenye ardhi, kipimo ni chepesi. Dalali akija, kabla ya kumpa kiwanja cha kwanza, muulize aliwahi kuuza wapi, kisha nenda ukaonane na muuzaji na mnunuzi wa huko. Bei walizoambiwa zikilingana, mpe kazi. Zikipishana, mpe maji ya kunywa, umshukuru, umwache aende.