KILA MLANGO NA UFUNGUO WAKE

Je, umewahi kunyunyiza chembe za chumvi kwenye mwali wa moto katika maabara? Mwali hugeuka manjano papo hapo. Rangi hiyo ni ya sodiamu, na ndiyo rangi ya taa za sodiamu zenye shinikizo dogo, ambazo kwa miaka mingi ziliangaza barabara za Uingereza. Mwanga wake ni wa manjano matupu, wa nanometa 589 hivi, kwa hivyo chini yake gari la samawati huonekana karibu jeusi. Lakini mgala muue na haki yake mpe: taa hizo zilitoa mwanga mwingi ajabu kwa umeme kidogo.

Kampuni ya Philips, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilifunga kazi hiyo katika kiwanda cha Hamilton, Scotland, mwishoni mwa 2019. Tangu hapo, aliye nayo huitunza kama mboni ya jicho. Shida huja choki yake inapoungua. Hapo hana budi kutafuta choki ya taa nyingine. Je, achague ipi?

Hebu kwanza tuelewe kazi ya choki. Ndani ya taa mna mrija wa kioo uliopindwa kama herufi U, wenye sodiamu, gesi ya neoni na argoni kidogo. Ukiiwasha, neoni hutoa mwanga mwekundu. Baada ya dakika kumi hivi, sodiamu hupata joto, huwa mvuke, na manjano hutawala. Sasa, gesi hiyo haijui kutosheka. Mkondo wa umeme ukiongezeka, njia huzidi kuwa rahisi, na mkondo ukaongezeka tena. Bila choki ya kuuzuia, taa itaharibika au fyuzi ikatike. Si utani!

Wengi huteleza hapa, kwani husoma wati peke yake. Chukua taa ya wati 35. Hiyo hutaka mkondo wa ampea 0.6 hivi. Mtu atasema, "Wacha nitie choki ya sodiamu ya shinikizo kubwa, ya wati 70. Si zote ni sodiamu?" La hasha! Choki hiyo hupitisha karibu ampea 1, na taa itapata joto kupita kiasi. Kumbe choki ya taa ya zebaki ya wati 50 imeundwa kwa ampea 0.6. Jina si moja, wati si sawa, lakini mkondo unalingana. Hiyo ndiyo inayofaa.

Hata hivyo, haitoshi. Taa ya zebaki huamka kwa volti 240 za kawaida, lakini ya sodiamu hailiamkii hilo. Transfoma yake ya asili huipa volti 480 hivi wakati wa kuiwasha. Kwa hivyo choki ya zebaki sharti isaidiwe na kiwashi cha elektroniki kinachofaa taa hiyo.

Isitoshe, zipo taa zisizokubali ujanja huu. Ile ya wati 180, ikiwaka, huhitaji volti 240 hivi zake yenyewe. Choki ya kawaida huzuia tu, haiongezi volti. Umeme wa volti 240 hautabakisha chochote cha kuisukuma. Hiyo hutaka transfoma yake.

Basi, maswali ni matatu: Mkondo unalingana? Taa itapata volti za kuamkia? Zitabaki volti za kuiendesha? Jibu moja likiwa "la", wacha kabisa.

Aidha, kazi hii ni ya fundi wa umeme, si ya bwenini baada ya taa kuzimwa! Volti hizo huua, na sodiamu ikikutana na maji huweza kushika moto. Taa iliyovunjika isiguswe kwa mkono mtupu wala kumwagiwa maji.

Wahenga hawakuona choki, lakini walijua kuwa kila mlango na ufunguo wake. Ufunguo usio wako waweza kukufungulia, mradi meno yake yalingane na kitasa. Usitazame rangi yake.