Chupa Yako, Meza Yao: Kuchagua Mkahawa na Kubeba Mvinyo Wako Ukienda Mombasa

Wikendi ndefu inakuja, kikundi cha WhatsApp kimechangamka, na safari ya Mombasa imeshaiva. Tiketi zimekatwa, nyumba ya kulala imepatikana. Kinachobaki ni kile ambacho wengi huachia bahati: tutakula wapi, tutakunywa nini, na nani atalipa ngapi?

Wengi wa wateja wetu husafiri kwa kikundi: marafiki wa chuo, wafanyakazi wa ofisi moja, au chama kilichojiwekea akiba mwaka mzima. Pesa za chakula huwa ni mchango wa wote na zimeshikwa na mtu mmoja, yaani mhazini. Bili ikifika imefura, yeye ndiye anayeulizwa. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu mkahawa na chupa ya mvinyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na meza ya watu sita wenye furaha ni mahali rahisi sana pa kupoteza daftari.

Kwanza jua ni mkahawa wa aina gani

Ukiwa Mombasa, mikahawa utakayokutana nayo inaangukia kwenye makundi matatu, na ukitaka kubeba mvinyo wako ni lazima uyatofautishe.

Kundi la kwanza ni mikahawa isiyoruhusu pombe kabisa. Hapa ndipo penye biriani, pilau, samaki wa kupaka, viazi karai na mishkaki ambazo watu husafiri kutoka mbali kuzitafuta, hasa Mji wa Kale na mitaa iliyo karibu. Wenyewe wengi ni Waislamu na chakula chao ni halali. Hapo usiulize kama unaweza kufungua chupa, na usiifiche kwenye mkoba ukidhani hakuna atakayeona. Agiza maji ya ukwaju, madafu au juisi ya miwa, kisha umalizie na kahawa chungu na halua. Bili ya hapa mara nyingi huwa nyepesi, na hilo peke yake litaokoa bajeti yenu. Kama mnasafiri mwezi wa Ramadhani, kumbukeni kwamba mikahawa mingi ya huku hufungwa mchana na kuchangamka baada ya futari.

Kundi la pili ni mikahawa na hoteli zenye baa yao, kama nyingi zilizo upande wa Nyali na ufuoni. Hawa wanauza mvinyo wao wenyewe. Wengine watakukubalia uje na chupa yako kwa ada, wengine watakataa.

Kundi la tatu ni mikahawa midogo isiyo na baa lakini isiyo na shida mteja akija na chupa moja ya mezani. Hii haijitangazi sana, kwa hivyo lazima uulize.

Katika makundi yote, mwenye mkahawa ndiye mwenye kauli. Hakuna sheria inayomlazimisha akubali chupa yako. Akisema hapana, ni hapana.

Kokeji ni nini, na mbona unalipia chupa yako mwenyewe?

Ada ya kufungua chupa iliyotoka nje huitwa kokeji, au kwa lugha rahisi, ada ya kizibo. Utailipa hata kama chupa yako haina kizibo, ina kifuniko cha kuzungusha tu. Usikasirike. Mkahawa unakupa glasi, barafu, mhudumu wa kumimina na mtu wa kuosha vyombo, na wakati huohuo umepoteza mauzo ya chupa yake.

Swali la maana ni kama hesabu inakufaa. Chukua bei ya chupa dukani, jumlisha kokeji, kisha linganisha na bei ya chupa ya aina hiyohiyo kwenye menyu.

Tuseme chupa ni shilingi 1,400 supamaketi na mkahawa unaiuza 3,200. Kokeji ikiwa 1,000, chupa yako itakugharimu 2,400, na umeokoa 800. Kokeji ikiwa 2,000, chupa yako imefika 3,400, na hapo ni afadhali ungenunua yao ukaepuka kubeba mzigo.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu husahau. Chupa ya kawaida ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Kama mezani ni watu wawili tu wanaokunywa mvinyo, glasi moja moja, na mkahawa unauza glasi kwa shilingi 700, watatumia 1,400. Kuwaletea chupa nzima ya 2,400 ni hasara. Chupa yako inaanza kuleta faida mkinywa kuanzia glasi nne.

Ada zinazojificha chini ya menyu

Kabla ya kuagiza, angalia maandishi madogo chini ya menyu. Kuna mambo matatu ya kutafuta.

La kwanza ni VAT, ambayo ni asilimia 16. La pili ni ushuru wa utalii wa asilimia 2, ule ambao menyu nyingi bado huuita ushuru wa chakula na vinywaji. Mikahawa mingi huandika kwamba bei zake tayari zina ushuru huo wote. Hapo sahani ya 1,180 ni 1,180, basi. Lakini kama bei hazina ushuru, sahani iliyoandikwa 1,000 ndiyo itakayofika kwenye bili ikiwa 1,180.

La tatu ni ada ya huduma. Hii si ushuru wa serikali. Ni ada ya mkahawa wenyewe, wengine wanayo na wengine hawana. Ikiwepo, jua kwamba tayari umechangia huduma, na bakshishi utakayoongeza ni kwa hiari yako.

Sasa tuangalie jinsi hizi ndogondogo zinavyoweza kumtoa mhazini jasho. Tuseme mko sita, kila mmoja ametoa 3,000, na mfuko una 18,000 za usiku mmoja. Chakula ni 1,500 kwa kila mtu, yaani 9,000. Juisi na maji ni 1,200. Mna chupa mbili mlizonunua supamaketi kwa 2,800, na kokeji ni 2,000. Bei za menyu zina ushuru tayari, na ada ya huduma ni asilimia 10.

Bili ya mkahawa ni 12,200, na ada ya huduma ni 1,220. Jumla ni 13,420. Ongeza 2,800 za mvinyo, mmefika 16,220. Zimebaki 1,780 za teksi na bakshishi. Mko sawa.

Sasa chukua meza hiyohiyo, lakini mmeagiza chupa mbili za mkahawa kwa 3,200 kila moja. Bili ni 16,600, na pamoja na ada ya huduma ni 18,260. Mfuko umeisha, mmepungukiwa 260, na teksi bado.

Au mmekuja na chupa zenu lakini hamkusoma kwamba bei hazina ushuru. Asilimia 18 ya 12,200 ni 2,196. Zile 16,220 zimekuwa 18,416. Mmepungukiwa tena, na hakuna aliyekula zaidi.

Uliza kwa ujumbe, usiulize mezani

Kuuliza si ujinga, na kuuliza mapema ni bora zaidi. Ukiulizia kwa ujumbe, una jibu lililoandikwa la kumwonyesha mhudumu ambaye hakuwepo mlipoelewana. Unaweza kutuma hivi:

"Habari yako. Tuko watu sita, tungependa meza Jumamosi saa moja usiku. Mnaruhusu mvinyo kutoka nje? Kokeji ni ngapi, na ni kwa kila chupa mtakayofungua au kwa meza? Bei za menyu zina VAT na ushuru wa utalii? Mna ada ya huduma? Tutalipa kwa till, jina litakalotokea kwenye simu ni lipi? Asante."

Hilo swali la mwisho wengi hawaliulizi. Jina lililo kwenye bango la mkahawa mara nyingi si lile lililosajiliwa kwenye till. Ukishalijua mapema, hutabaki ukikuna kichwa wakati wa kuweka PIN.

Ukiombwa arbuni ili wakuwekee meza, tulia kwanza. Pata nambari ya simu ya mkahawa kutoka mahali zaidi ya pamoja, piga na uthibitishe. Lipa kwa till au paybill ya biashara, usitume kwa nambari ya mtu binafsi. Hakikisha mmeelewana kama arbuni itakatwa kwenye bili na kama itarudishwa mkishindwa kufika. Kisha hifadhi ujumbe wa malipo.

Nunua wapi, ubebe vipi

Usijisumbue kubeba chupa kutoka Nairobi. Treni na ndege zina masharti yao ya mizigo, kioo huvunjika, na joto la Pwani halina huruma kwa mvinyo. Nunua ukifika, kwenye supamaketi au duka lenye leseni, na uitishe risiti. Angalia stempu ya KRA kwenye chupa. Kuna programu ya simu inayoitwa Soma Label ambayo hukuwezesha kuithibitisha. Chupa ya bei ya kushangaza isiyo na stempu iache hapohapo, hata kama muuzaji ni rafiki.

Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ule mweupe uweke kwenye friji ya nyumba mnayolala hadi dakika ya mwisho. Ubebe kwenye kiondo au mfuko wa kitambaa, ukiwa umefungwa bado, na umkabidhi mhudumu mkifika. Wa chini ya miaka 18 hahesabiwi kwenye glasi. Na dereva naye hahesabiwi, kwa hivyo tengeni pesa za teksi kabla ya kugusa pesa za chakula.

Wakati wa kulipa

Bili ikija, mhazini aisome mstari kwa mstari kabla simu haijatoka mfukoni. Kokeji ihesabiwe kwa chupa zilizofunguliwa. Kama mlikuja na mbili na mkafungua moja, mnalipia moja, na ile nyingine inarudi nyumbani.

Kisha fuata haya:

1. Andika nambari ya till wewe mwenyewe kutoka kwenye kibandiko cha mkahawa. Usimpe mtu simu yako akusaidie.
2. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na mlilokubaliana, simama hapo na umwite meneja.
3. Ziba PIN yako kwa mkono. Meza ya marafiki bado ni meza ya watu wengi.
4. Subiri ujumbe wa uthibitisho, linganisha kiasi na bili, kisha uhifadhi.
5. Ukigundua umetuma mahali pasipofaa, omba kurudishiwa papo hapo kupitia huduma kwa wateja. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa upande wa pili ni vigumu kuzirudisha.

Mhudumu akikuambia "till ina shida, tuma tu kwa nambari yangu," omba kwanza meneja athibitishe, na upewe risiti ya mkahawa. Kama ni bakshishi unayotaka kumpa, hiyo mtumie yeye mwenyewe, ikiwa kando na bili, ili hesabu zisichanganyike.

Na kama kila mtu anajilipia, amueni njia moja. Kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipa kwa till, lakini kumtumia mtu pesa kuna ada yake. Watu watano wakimtumia mmoja ili yeye alipe, ada hizo zinatoka mfukoni mwa kikundi. Mchango ukusanywe mara moja, kabla ya safari, badala ya kila mlo.

Msiache chupa iwachagulie mkahawa

Ushauri wetu wa mwisho ni huu: pangeni milo kwanza, mvinyo baadaye. Mkiwa na usiku mbili, mmoja uwe wa Mji wa Kale, mle biriani na kunywa ukwaju bila hata kufikiria kokeji. Wa pili uwe wa mkahawa uliokubali chupa zenu kwa ada mnayoijua. Pesa mtakazookoa usiku wa kwanza zitawapa nafasi ya kupumua usiku wa pili.

Kabla hamjaondoka, mhazini aandike kwenye kikundi mambo manne: mkahawa, kokeji, kama bei zina ushuru, na jina la till. Mistari minne tu. Mkirudi, atume picha ya bili na ujumbe wa malipo, na kila mtu ataona shilingi yake ilienda wapi. Chama kinachorudi kutoka Mombasa bila ugomvi wa pesa ndicho kinachopanga safari nyingine.

Safari njema, na Mombasa iwe raha kweli.