Kilombero: waya wa chini unashinda mnara mrefu

Mtu anayepata leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kupewa utambulisho wa hewani unaoanza na 5H, mara nyingi huanza kwa kuwaza mnara. Picha za vituo vya Ulaya na Marekani zimemzoeza kuona chuma kirefu nyuma ya nyumba, na juu yake antena yenye mikono mingi inayozungushwa kwa mota. Kwa anayeishi Ifakara, Mang'ula, Mlimba au Malinyi, wazo hilo lina gharama kubwa na linaweza kumwachia kituo kisichomfaa siku atakayokihitaji zaidi. Umbo la bonde la Kilombero, udongo wake na mvua zake vinadai kitu kingine: waya wa shaba uliotandazwa mita saba au nane tu kutoka ardhini, wenye eathi nzuri, na unaokaguliwa kila msimu. Fedha ambayo ingezikwa kwenye chuma na zege ina matumizi bora zaidi.

Tuanze na umbo la nchi. Ifakara imekaa kwenye tambarare isiyofika mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini-magharibi imesimama safu ya Udzungwa, ambayo kilele chake cha Luhombero kina mita 2,576, na kusini-mashariki kuna milima ya Mahenge. Katikati yake kuna uwanda wa mafuriko ambao tangu mwaka 2002 umo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mawimbi ya megahezi 144 hadi 146, ambayo wengi huanza nayo kwa sababu redio zake za mkononi ni rahisi kupatikana, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hufifia haraka yakishapita upeo. Antena iliyo mita 12 juu ya tambarare ina upeo wa redio wa kilomita 14 hivi, kwa hiyo vituo viwili vya kimo hicho vitasikilizana kwa kilomita 28. Ukivipandisha vyote viwili hadi mita 24, umbali unafika kilomita 40 tu, kwa sababu upeo hukua kwa kipeuo cha pili cha kimo huku gharama ya chuma, zege na nyaya ikikua kwa kasi zaidi. Mlimba iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Ifakara. Iringa, kwa mwendo wa ndege, iko karibu kilomita 115, lakini Udzungwa imesimama katikati, na hakuna mnara wa nyumbani utakaochungulia juu ya milima hiyo.

Masafa mafupi yana njia nyingine. Kilomita 250 hadi 400 juu yetu kuna tabaka la ionosfia ambalo jua limelichaji umeme, na mawimbi ya megahezi 7 yakirushwa wima kulielekea hurudi chini kama maji ya bomba yaliyogonga dari, yakalowanisha eneo lote lililo chini yake. Eneo hilo lina nusu kipenyo cha kilomita 300 hadi 400, na ndani yake hakuna mlima unaoweka kivuli, kwa kuwa ishara inashuka kutoka juu. Kutoka Ifakara duara hilo linachukua Mlimba, Mahenge, Iringa, Morogoro, Dodoma, Songea na Dar es Salaam. Antena inayorusha mawimbi wima ni waya ulionyooka sambamba na ardhi, katika kimo kisichozidi robo ya urefu wa wimbi, yaani mita 10 kwa masafa hayo. Uipandishe juu sana na nguvu inaanza kuelekea kwenye upeo, ikiwaruka majirani. Ndiyo sababu mwenye mnara wa mita 20 na antena ya megahezi 14 anaweza kuzungumza vizuri na Roma huku akishindwa kumsikia mwenzake wa Iringa: wimbi lake limetoka likiwa limelala na, kwa kawaida, litashuka mamia ya kilomita mbele.

Pingamizi la kwanza linajulikana. Simu za mkononi zimefika karibu kila kata, redio ya nini tena? Hospitali za misheni na vituo vya mbali vya Afrika Mashariki viliunganishwa kwa miongo mingi na mtandao wa simu za upepo wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, na leo mazungumzo mengi ya namna hiyo yamehamia kwenye simu ya kiganjani. Hilo ni kweli, tena ni maendeleo ya kufurahia. Lakini mwaka 2024 ulitupa vipimo viwili. Mwezi Aprili, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchini na kuathiri wengine wapatao 200,000. Mei 12 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Watanzania wengi wakakosa huduma ingawa hitilafu ilikuwa mbali kusini mwa mipaka yetu. Mnara wa simu unategemea umeme, betri au jenereta inayohitaji mafuta, na barabara ya kupeleka mafuta hayo. Mto Lumemo unapofurika kuelekea mjini Ifakara, mahitaji hayo yote yanaweza kukosekana kwa wakati mmoja. Daraja la Magufuli lenye mita 384 limetatua adha ya kivuko cha Mto Kilombero, lakini haliwezi kuzuia maji kukata njia za udongo za vijijini. Redio ya wati 100, betri ya gari na paneli ya sola havimsubiri mtu yeyote.

Mifano ya nje inathibitisha thamani hiyo. Tsunami ilipoipiga Bahari ya Hindi Desemba 2004, Bharathi Prasad, mwendeshaji wa ridhaa kutoka India, alikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman kwa shughuli zake za redio, na kituo chake kikageuka njia ya kupeleka bara habari za walionusurika. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, kwa jirani zetu wa Msumbiji, Machi 2019, mji mkubwa wa bandari ulipoteza mawasiliano ya simu saa zile zile ambazo watu walihitaji kuomba msaada. Ndiyo sababu umoja wa kimataifa wa waendeshaji wa ridhaa, ulioanzishwa Paris mwaka 1925, umeteua masafa ya kukutania wakati wa dharura. Kwa kanda yetu, yaliyo katika megahezi 7 ni 7.110, na waya wa chini uliokatwa vizuri utayafikia bila shida.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoijua kazi. Wanasema waya wa chini haumwezeshi mtu kuzungumza na Japani kwa urahisi, na kwamba redio za mkononi za megahezi 144 ndizo watu wa uokoaji watakazobeba. Hoja zote mbili zina uzito. Anayependa kuwasiliana na dunia ana haki ya kujenga mnara, mradi tu awe ameshajenga kwanza kituo kinachomfikia jirani. Kuhusu redio za mkononi, jibu liko milimani. Mahali palipo mita 700 juu ya bonde pana upeo wa redio unaozidi kilomita 100, na hakuna mnara wa chuma utakaoshindana na hilo. Kituo kimoja cha kurudia mawasiliano upande wa Mahenge, kikimilikiwa kwa pamoja na kupewa kibali, kingelisaidia bonde kuliko minara 10 ya watu binafsi. Pingamizi la tatu ni la usiku: ionosfia ikidhoofika, megahezi 7 huacha kurudisha mawimbi ya karibu, na inabidi kushuka hadi megahezi 3.5, ambako ngurumo za kitropiki hujaza kelele wakati wa masika. Tatizo hilo ni la kweli, na mnara mrefu hauliondoi. Dawa yake ni waya wa pili wa mita 40 hivi kwa ajili ya usiku, na ratiba inayoweka taarifa muhimu mchana.

Ujenzi wenyewe hauhitaji mafundi kutoka mbali. Kwa megahezi 7.1 unahitaji waya wenye jumla ya mita 20, uliogawanywa katikati kuwa mikono miwili ya mita 10, kila mmoja ukatwe ukiwa na ziada kidogo kisha upunguzwe hadi kipimo kionyeshe kwamba nguvu inayorudi kwenye redio ni ndogo. Bonde hili lina mashamba makubwa ya mitiki yaliyoanza kupandwa miaka ya 1990, na nguzo ya mtiki ni mhimili mzuri wa antena kwa sababu kiini chake huvumilia mchwa. Hata hivyo nguzo changa ina kiini kidogo na ganda jeupe jingi, na ganda hilo mchwa hulila, kwa hiyo sehemu itakayozikwa ipakwe dawa. Mwanzi ni mwepesi na rahisi, ila huoza mapema. Mwembe au mnazi unafaa pia, lakini mti hucheza na upepo: waya ufungwe kwa kamba inayopita kwenye kapi na kuning'inizwa kizito, la sivyo utakatika siku ya dhoruba. Ncha za waya hubeba volti kubwa wakati wa kurusha na zinaweza kumuunguza mtu, basi zikae mahali ambapo mtoto hafiki. Sheria isiyo na msamaha ni ya nyaya za TANESCO: nguzo isimamishwe mbali nazo kwa umbali unaozidi kimo chake mara moja na nusu, ili ikianguka upande wowote isiguse umeme. Laini ya kilovolti 33 haimpi mtu nafasi ya pili.

Udongo wa uwanda huu unastahili heshima ya pekee. Ni mfinyanzi unaovimba na kulainika wakati wa mvua, kisha hupasuka kiangazi, na kila mzunguko hulegeza kilichochimbiwa ndani yake. Nyaya za kuvuta nguzo, ambazo mafundi wa umeme huziita stei, zikifungwa kwenye kigingi kifupi zitalegea kabla masika haijaisha. Gogo gumu lililolazwa katika shimo la zaidi ya mita moja na kushindiliwa udongo hushika vizuri zaidi kwa gharama ndogo. Udongo huo huo una faida katika eathi, kwa sababu ukilowa hupitisha umeme vizuri. Fimbo za shaba zipigwe ardhini hadi zifikie unyevu wa kudumu, ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe na pia na eathi ya nyumba, na waya uendao ardhini uwe mnene, mfupi na usio na kona kali. Waya wa chini huivuta radi kidogo kuliko chuma cha mita 30, lakini haujakingika. Mawingu yakianza kukusanyika Udzungwa, kiunganishi cha antena kichomolewe na kuachwa nje ya nyumba, na mwendeshaji asubiri.

Baada ya hapo kinachobaki ni utunzaji, na hapa ndipo vituo vingi hufa. Adui mkubwa ni maji yanayoingia kwenye waya wa koaksia, ule unaounganisha antena na redio, yakageuza shaba kuwa kijani na kumeza nguvu ya redio bila dalili ya nje. Kila kiungo kifunikwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa na kuzungushwa kwa tabaka kadhaa, kisha utepe wa umeme juu yake, na waya ukunjwe chini kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke hapo. Kamba ya nailoni huchakaa kwa jua na ya katani huoza kwa unyevu, hivyo zote zihesabiwe kuwa vitu vya kubadilishwa. Oktoba, kabla ya mvua, kaza stei, gonga nguzo usikilize kama ina uvungu, na pima nguvu inayorudi, uiandike kwenye daftari. Juni, maji yakishapungua, rudia yote. Namba iliyoandikwa miaka mitatu mfululizo itakuonyesha kiungo kinachooza kabla hakijakunyamazisha. Kazi yote hiyo hufanywa na mtu aliyesimama ardhini, wakati mnara mrefu humdai mkanda wa usalama na mwenzake wa kumwangalia, na karibu na kiwanja cha ndege humdai pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Halmashauri, vyuo vya ufundi na shule za sekondari za bonde hili zina nafasi ya kufanya jambo lisilohitaji bajeti kubwa: vituo vichache vyenye leseni, Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, kila kimoja na waya wake wa mita 20, betri yake na vijana wawili waliofundishwa kuutunza, wakiitana asubuhi moja kila wiki mwaka mzima. Kuitana huko ndicho kipimo cha mwisho cha antena, kwa sababu kituo kisichosikika Jumamosi ya kawaida hakitasikika siku ya mafuriko.