Kabla Hujanunua Kifurushi Kikubwa Zaidi

Mtu analipia intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde. Anapima kasi, namba inapanda hadi 48, na anaambiwa mtandao wake hauna tatizo. Muda si mrefu mkutano wake wa video unakwama na sauti inakatikakatika. Hakuna aliyemdanganya. Kipimo kimejibu swali moja, ilhali tatizo lake liko kwenye swali jingine.

Ukibonyeza kitufe cha kupima, programu hutafuta seva iliyo karibu nawe, mara nyingi ya mji uleule, pengine hata iliyo ndani ya mtandao wa kampuni inayokuuzia huduma. Hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, huvuta data kwa nguvu zote kwa sekunde kumi hivi, kisha husukuma data kutoka kwako kwa namna hiyohiyo. Unachoonyeshwa ni uwezo wa njia fupi, kwa wakati huo tu. Na kazi hiyo inakula bando: kwa kasi ya megabiti 100, sekunde kumi za kupakua peke yake zinamaliza megabaiti 125. Anayepima mara kwa mara kwa bando la simu anajipunja.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, lakini faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hushusha megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya megabaiti 700 itachukua karibu dakika tano. Huo si wizi.

Namba ninayotaka msomaji aitazame zaidi ni ile ndogo inayopuuzwa pembeni: muda wa kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Mwanga ndani ya uzi wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,500, yaani 15,000 kwenda na kurudi. Hata kama mkonga wa baharini ungenyooka hivyo, safari ingechukua milisekunde 75, na mikonga hainyooki: inafuata pwani kuelekea Bahari ya Shamu, au inashuka kusini kuizunguka Afrika. Muda huo haupunguzwi na kifurushi chochote, kiwe cha megabiti 10 au 1,000.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Kabla ya mikonga ya SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nje ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kila swali lilisubiri jibu kwa karibu nusu sekunde au zaidi. Jijini Nairobi hata barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za hapohapo ilipanda angani, ikaenda ng'ambo, ndipo ikarudi. Kituo cha KIXP, kinachowezesha kampuni hizo kubadilishana data hapohapo mjini, kilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Faida yake tunaila mpaka leo.

Umbali huohuo unaeleza kwa nini kipimo kinaweza kusifu mtandao unaokukera. Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Katika hali kama ile, kipimo kinachoishia kwenye seva ya Dar es Salaam kinaweza kutoa namba nzuri, ilhali kila kilicho ng'ambo kinagoma. Ukitaka picha kamili, chagua pia seva ya mbali, kama ya Marseille au Johannesburg, ulinganishe.

Kuna ucheleweshaji mwingine unaozaliwa nyumbani kwako. Mmoja akianza kupakia video ndefu au simu ikianza kuhifadhi picha mtandaoni, ruta hujaza data kwenye foleni, na sauti ya mkutano wako nayo inapanga foleni hiyohiyo. Kupakua kunaweza kuwa na nafasi tele, lakini kupakia kumejaa. Ukurasa wa fast.com, ulioanzishwa na Netflix mwaka 2016, huonyesha muda wa kwenda na kurudi mara mbili: njia ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa. Ukiona milisekunde 20 zimegeuka 400, umempata mhalifu. Tafuta kwenye ruta mpangilio wa kuratibu foleni, au uweke kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini yako.

Halafu waifai. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, ila yamesongamana: majirani wote wako humo, na oveni ya maikrowevu pia. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika haraka, na katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba viwili tu vinatosha kuyamaliza. Kwa hiyo pima kwa waya, ukiwa umechomeka kompyuta kwenye ruta. Waya nao una siri yake: ukilipia megabiti 200 na kipimo kikaganda kwenye 94 au 95 kila mara, sababu karibu hakika ni tundu au waya unaoishia megabiti 100.

Jioni kasi kushuka ni jambo la kutarajiwa. Mnara wa simu hugawiwa watu wote walio karibu nao, na faiba ya nyumbani mara nyingi huchangiwa na nyumba 32 au 64 kutoka uzi mmoja.

Basi pima kwa waya, asubuhi na saa mbili usiku, kwa siku kadhaa, huku vifaa vingine vimezimwa, na uandike saa, seva na namba zote tatu: kupakua, kupakia na muda wa kwenda na kurudi. Kama kwa waya unapata unacholipia, fedha zako ziende kwenye ruta bora au kuihamisha iliyopo, si kwenye kifurushi kikubwa. Kama hupati, mpelekee mtoa huduma kumbukumbu hizo na udai arekebishe. Asipokusikiliza, mamlaka ya mawasiliano TCRA nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji.