Mchicha na Kabichi

Pwani, mboga ni majani na mazao ya bustani, na samaki au nyama huitwa kitoweo. Bara, watu wengi huita mboga kila kiliwacho pamoja na ugali, hata nyama. Lakini kote mtu akiulizwa amepika nini, hujibu, "Mchicha tu." Neno dogo hilo, "tu," ndilo tutakalo kulichunguza hapa, kwa kuwa lina madhara kwa afya ya watoto wetu.

Mchicha una majina mengi. Wakikuyu huuita terere, Waganda dodo, na Waswahili wa Kivu na Bujumbura lengalenga. Huota hata jalalani bila kupandwa, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Kabichi, iitwayo pia kabeji, ilikuja na wageni pamoja na jina lake. Hupenda nchi za baridi kama Lushoto, nayo hupelekwa kwa malori hata Dar es Salaam.

Sasa tuzipime. Katika gramu 100 za majani mabichi, mchicha una kadiri ya miligramu 215 za kalsiamu, madini yajengayo mifupa na meno. Kabichi ina 40. Chuma, kiongezacho damu, ni miligramu 2.3 kwa 0.5. Vitamini A, ambayo mtoto akiikosa haoni vema wakati wa magharibi, ni mikrogramu 146 kwa 5. Katika vitamini C peke yake hukaribiana: miligramu 43 kwa 37.

Hata hivyo tusiidhulumu kabichi. Mchicha una asidi ya oksaliki, ambayo huifunga kalsiamu isipate kuingia mwilini yote. Kabichi ina kidogo sana. Tena kabichi hustahimili safari na kukaa siku nyingi, hali mchicha hunyauka siku ile ile.

Namna ya kupika nayo ina neno. Moto mrefu huharibu vitamini C, na maji yakimwagwa huenda nayo. Vitamini A ya majani haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Kwa hiyo bibi zetu, waliounga mchicha kwa tui la nazi au karanga, walifanya lililo sawa kabla ya sisi kusoma sababu yake.

Sisi wenyewe tulikosa zamani. Tulipopewa kusimamia bustani ya shule moja, tuliamuru matuta ya mchicha yang'olewe, ipandwe kabichi, tukidhani twawaheshimu watoto. Mchicha huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Kabichi ilitukalisha miezi mitatu, na muda wote huo watoto walikula ugali na maharagwe pasipo jani lo lote. Mpishi, mzee wa makamo, akatuambia, "Mwalimu, umeng'oa mboga, ukapanda heshima." Tuliona haya, tukarudisha matuta mawili.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akafukuzwa. Yafaa walimu wenzetu waziweke mboga zote mbili bustanini, ila mchicha usikose sufuriani. Na mtoto akijibu, "Mchicha tu," tumfundishe kuliacha lile neno la mwisho.