Mazoezi pekee hayatoshi kupunguza uzito
WATU wengi wanaotaka kupungua huanza kwa kununua raba za kukimbilia, huku sahani ikibaki ilivyokuwa. Utafiti uliofanyika hapa nchini unaonesha kuwa huko ni kuanzia mwisho.

Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer wa Marekani, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume wao hutembea takriban kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia haikuzidi ya Wamarekani na Wazungu wanaoshinda wameketi.

Soda ya mililita 500 huwa na kalori takriban 200. Kuziunguza huhitaji mwendo wa karibu saa moja. Kuiacha hakuhitaji hata dakika.

Mazoezi hulinda moyo na husaidia uzito uliopungua usirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Mkulima wa Hasamba, mkoani Songwe, anayeshika jembe tangu alfajiri huzimaliza kabla ya Jumatano. Karani wa Tunduma anayekwenda kazini kwa bodaboda itambidi azitafute.