Bafle ya njia tatu ya kujitengenezea: wati zilizoandikwa zisimdanganye mnunuzi

Mbele ya meza ya muuza vyombo vya muziki, iwe Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, jicho linakimbilia kwanza namba kubwa. Spika moja imeandikwa wati 300, nyingine wati 500, nyingine wati 1200 na herufi PMPO pembeni. Kijana aliyekusanya dola moja moja ili ajenge bafle ya nyumbani anachukua ile yenye namba kubwa. Kwaya iliyochoka kukodi vyombo kila juma inafanya vilevile. Siku chache baadaye twita imeungua, basi inanguruma kama sanduku tupu, na maneno ya mwimbaji hayasikiki.

Pesa ile ikipotea, haipatikani tena kwa upesi. Na mara nyingi kosa haliko kwa fundi wa mbao wala kwa ampli. Liko kwenye spika tatu zilizochaguliwa bila kulinganishwa.

Bafle ya njia tatu ina spika tatu zinazogawana kazi. Basi inabeba sauti nzito, spika ya kati inabeba sauti za watu na magita, na twita inabeba sauti nyembamba. Filta ndiyo inayowagawia kazi. Kwa bafle nyingi za bei nafuu, basi inaishia karibu na hezi 500, ya kati inaendelea hadi karibu hezi 3000, kisha twita inapokea.

Wati hazisemi nguvu ya sauti

Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika zinaonyesha umeme ambao spika inaweza kuvumilia bila kuungua. Hazionyeshi itapiga kwa nguvu gani. Namba inayostahili kuangaliwa ni ile inayoitwa RMS. PMPO haina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote, ndiyo sababu chombo kidogo cha plastiki kinaweza kuandikwa maelfu ya wati.

Nguvu ya sauti inaonyeshwa na namba nyingine: desibeli kwa wati moja, kwa umbali wa metre moja. Spika ya desibeli 92 inapiga kwa wati 9 sauti ambayo spika ya desibeli 86 itaitoa kwa wati 36. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza nusu ya umeme unaohitajika.

Kwa nyumba inayotegemea sola na batri, hesabu hii ni ya maana sana. Ampli ya kawaida inayotumia volti 12 moja kwa moja, bila kupandisha volti ndani yake, haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 safi kwenye spika ya ohmu 8, ao wati 18 kwenye ohmu 4. Mwenye ampli kama hiyo hafaidiki na spika ya wati 500. Anafaidika na spika yenye desibeli nyingi.

Kuna mtego hapa. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati moja, wanapima kwa volti 2,83. Kwa spika ya ohmu 8, volti hizo ni wati 1. Kwa spika ya ohmu 4, ni wati 2. Basi spika ya ohmu 4 inaonekana kuwa na desibeli 3 zaidi, kumbe imekula umeme mara mbili.

Kuanza na basi

Basi ndiyo inayoweka kiwango cha bafle nzima. Twita ikipiga sana, rezistansi ndogo inaipunguza. Basi ikiwa dhaifu, hakuna kitu katika filta ya kawaida kinachoweza kuipandisha. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: spika ya kati na twita ziwe na desibeli sawa na za basi, ao zizidi kidogo. Zikiwa chini, wengine wote watalazimika kushushwa wazifuate.

Kwa nyumba, basi ya inchi 8 inatosha. Karatasi ya basi nzuri inaonyesha pia namba tatu zinazotokana na kazi ya Neville Thiele, aliyechapisha utafiti wake huko Australia mwaka 1961, na ya Richard Small, aliyeuendeleza miaka ya 1970: Fs, Qts na Vas. Fs ni hezi ambapo spika inatikisika yenyewe. Qts inaonyesha jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa. Vas inasaidia kujua ukubwa wa sanduku.

Chukua mfano wa basi yenye Fs 35, Qts 0,4 na Vas litre 40. Katika sanduku lililofungwa kabisa la litre 20 hivi, itashuka vizuri hadi karibu hezi 60. Uzi mnene wa gita la basi unatoa hezi 41, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa itasikika kwa udogo. Tundu la hewa linaweza kuishusha zaidi, lakini tundu lililokatwa bila hesabu linaleta mngurumo. Programu ya WinISD, inayopatikana bure, inafanya hesabu hiyo kwa kompyuta. Anayejenga kwa mara ya kwanza akifunga sanduku anakosea kidogo zaidi.

Spika za gari zinauzwa bei ya chini na zinavutia. Lakini nyingi ni za ohmu 4 na zimetengenezwa kwa ajili ya mlango ao sehemu ya nyuma ya gari. Nyingi zina Qts ya juu, na ndani ya sanduku dogo zinatoa basi inayovuma noti moja tu.

Ya kati ndiyo inayoimba

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa 12 mwaka 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, inaishi zaidi katikati. Sauti za waimbaji, gita la solo, mi-solo na maneno ya mtangazaji wa redio vyote vinapita kwa wingi kati ya hezi 300 na 3000. Ndiyo kazi ya spika ya kati. Pamoja na hayo, wengi wanainunua mwisho, kwa pesa zilizobaki.

Spika ya inchi 4 ao 5, yenye karatasi nyepesi, inafaa. Lazima iwe na chumba chake ndani ya sanduku. Ikiachwa wazi, hewa inayosukumwa na basi itaitikisa kutoka nyuma na kuharibu sauti. Kipande cha tiyo ya PVC kilichofungwa nyuma na kujazwa pamba kidogo kinafanya kazi hiyo. Spika zilizokwisha kufungwa mgongo na kiwanda hazihitaji chumba.

Twita na filta

Kwa twita, namba ya kutafuta ni Fs pia. Inapaswa kuwa nusu ya hezi za kukatia ao chini yake. Twita yenye Fs 1200 inaweza kukatwa kwenye 3000. Yenye Fs 2500 ikikatwa hapo, itaumia.

Twita za piezo ni rahisi na zinapiga sana, na zinafaa uwanjani. Chumbani sauti yake inachoma masikio haraka. Twita ya kuba ya kitambaa ni tulivu zaidi, ila inaungua ikikosa filta nzuri. Inaungua pia ampli ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, maana sauti iliyokatika juu inatuma umeme mwingi kwa twita. Wengi wanadhani ampli kubwa tu ndiyo inayounguza.

Filta inafuata ohmu. Kwa filta nyepesi kabisa, twita ya ohmu 8 inayokatwa kwenye hezi 3000 inahitaji kondensa ya mikrofaradi 6,8. Kondensa hiyohiyo kwenye twita ya ohmu 4 inakata karibu na hezi 6000, na kati ya 3000 na 6000 kunabaki shimo katika muziki. Mtu anayenunua filta iliyo tayari aangalie imetengenezewa ohmu ngapi. Kondensa ziwe zile zisizo na alama ya chanya na hasi. Zile za kawaida zinazotolewa kwenye redio mbovu hazifai.

Kuunganisha spika tatu za ohmu 8 pamoja bila filta kunaiwekea ampli mzigo wa ohmu 2,7. Ampli nyingi ndogo hazivumilii.

Kupima kabla ya kulipa

Spika nyingi sokoni hazina karatasi, hasa za okazio. Multimetri ndogo inasaidia. Spika ya ohmu 8 inaonyesha karibu 6, ya ohmu 4 inaonyesha 3 ao zaidi kidogo. Isipoonyesha kitu, imeungua.

Kisha mnunuzi asukume karatasi ya basi polepole kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ikikwaruza, bobini yake imepinda ao imeungua. Mpira wa ukingoni ubonyezwe: ukiwa wa sponji ya zamani, unaweza kukatika kama mkate mkavu. Pile ya volti 1,5 ikiguswa kwenye basi, chanya kwa chanya, karatasi inatoka nje. Hiyo inasaidia spika zote mbili za basi zivute upande mmoja. Jaribio la pile lisifanywe kwa twita.

Kwa mwenye dola 100 za spika na filta za bafle mbili, mgawanyo wa busara unaweza kuwa dola 40 kwa basi, 25 kwa spika za kati, 15 kwa twita na 20 kwa filta. Mbao zinahesabiwa pembeni. Spika zote zinunuliwe jozi, za aina moja, kwa siku moja, kwani kupata ya pili inayofanana baadaye ni kazi ngumu.

Baada ya kujenga, bafle ijaribiwe kwa wimbo ambao mwenye nyumba anaujua maneno yote, kwa sauti ya chini. Maneno yakisikika wazi na gita la solo likitengana na sauti za waimbaji, spika zimelingana. Twita ikizidi, fundi anaongeza rezistansi ya bei ndogo. Sauti za watu zikiwa nyuma, spika ya kati ndiyo ya kubadilishwa, na basi ibaki mahali pake.